Pioni ya e5: Mazungumzo juu ya Gambiti ya Budapest

Maneno haya niliyasema Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa parokia hapa Katuba, Lubumbashi, mbele ya vijana wa sataranji, wazazi wao na walimu. Nimeyaandika upya kwa ajili ya waliokaa nyuma, ambao hawakuuona ubao vizuri, na pia kwa sababu umeme ulikatika nikiwa katikati.

Jambo yenu wote. Ba papa na ba mama, walimu, na ninyi batoto mliokaa chini kwa kuwa viti havikutosha, jambo yenu.

Walimu waliniomba nieleze ulinzi mmoja dhidi ya pioni ya malkia, mmoja tu, wakasema, "Mzee, chagua ule unaouma." Nimeuchagua. Lakini kabla sijagusa ubao huu wa sataranji, nataka twende kwanza chini ya mti wa maembe.

Hapa Katuba, kule Kenya (mtaa wetu wa hapa mjini, si nchi), Kamalondo, mpaka Ruashi, ukipita jioni utakuta wanaume wameuzunguka ubao wa dami, yaani drafti. Pioni zao ni vifuniko vya chupa za bia ya Simba: vya mmoja vimelala chali, vya mwingine kifudifudi. Na kila mtoto aliyekulia karibu na mti ule anaijua hila ya kwanza ya dami. Unatoa pioni moja, mwenzako anaila, halafu wewe unaruka na kula tatu. Watu wanapiga kelele, aliyefungwa anasema hakuona. Mara nyingi aliona. Hakuwa na la kufanya, kwa maana katika dami ukiweza kula, lazima ule.

Sataranji haina sheria hiyo. Naomba mlishike neno hili, nitalirudia mpaka mnichoke.

Haya, ubao. Safu zake zinaitwa a mpaka h kutoka kushoto kwa Mweupe, mistari 1 mpaka 8 kutoka upande wake; kwa hiyo d4 ni safu ya d, mstari wa nne. Mweupe anasukuma pioni ya malkia, d4. Mweusi anatoa farasi, f6. Mweupe anaongeza c4, apate nafasi kubwa katikati. Hapo watu wenye adabu hucheza e6 au g6. Sisi tunasukuma pioni ya mfalme hatua mbili, e5, mahali ambapo hakuna anayeilinda. Mweupe anaila kwa pioni yake ya d. Farasi wetu ametishwa pale f6, anaruka mpaka g4, na kutoka g4 anaitazama ile pioni iliyokaa e5. Hiyo ndiyo Gambiti ya Budapest; gambiti ni kutoa pioni kwa makusudi. Hatua tatu tu, na tayari tumepungukiwa pioni moja.

Kijana mmoja aliniuliza mlangoni kama huu si wazimu. Kuhusu wazimu, ngoja nitoke njiani kidogo. Kile kipande kinachokwenda mshazari, vitabu vya Kiswahili vinakiita askofu, kama wanavyokiita Waingereza. Ninyi shuleni mmefundishwa kwa Kifaransa kwamba ni *fou*, yaani mwenda wazimu. Padri ametukopesha ukumbi, kwa hiyo leo nitasema askofu. (Vicheko. Padri naye alicheka.)

Turudi. Kwa nini tunangoja Mweupe acheze c4 kwanza? Kwa nini si mapema zaidi? Tazameni mfalme wake pale e1, kisha mshazari unaotoka b4 kupitia c3 na d2 mpaka kwake. Zamani pioni ya c ingeweza kusogea c3 kuuziba. Sasa imekwisha kupita, na pioni hairudi nyuma. Kwa hiyo askofu wetu ana mlango pale b4, na atautumia kumtisha mfalme wakati Mweupe bado anahangaika kutoa vipande vyake. Mweupe akicheza farasi f3 hatua ya pili badala ya c4, e5 inakuwa hasara tupu, maana farasi yule anailinda e5 na mlango wa b4 umefungwa. Kwa hiyo, wapenzi wa Budapest, mjifunze na ulinzi mwingine wa akiba. Mpinzani mjanja hatawapa ruhusa kila siku.

Sasa mtego. Najua ndio mliokuja kuutazama, maana nusu yenu mmeuona kwenye simu.

Mweupe anailinda pioni yake kwa askofu, f4. Sisi tunatoa farasi wa pili, c6. Yeye farasi f3. Sisi askofu b4, mfalme ametishwa. Yeye anaziba kwa farasi wa b1, anamweka d2. Sisi malkia e7. Hesabuni: e5 inashambuliwa na farasi wawili na malkia, watatu, inalindwa na askofu na farasi, wawili. Pioni itarudi kwetu. Mweupe anaona hivyo, anaona pia askofu wetu amekaa b4, anasema basi nimfukuze: a3. Nasi hatumwondoi askofu. Farasi wa g4 anakula e5, kimya, kama mtu asiyeona kwamba askofu wake analiwa. Mweupe anamla askofu kwa furaha. Farasi wetu wa e5 anaruka d3, na mchezo umekwisha. Mati.

Njooni karibu muone kwa nini. Mfalme yuko e1. Kulia ana askofu wake mwenyewe f1, kushoto malkia wake d1, mbele farasi wake d2 na pioni zake e2 na f2. Amezingirwa na ndugu zake, hana pa kukanyaga. Malkia wake angependa kumla farasi wa d3, lakini yule farasi wa d2 amesimama njiani. Pioni ya e2 ingemla, lakini ikisogea tu, malkia wetu wa e7 anamwona mfalme moja kwa moja. Imefungwa palepale.

Mtego huu unaitwa kwa jina la Georg Kieninger, Mjerumani aliyemnasa mtu nao katika mchezo wa kirafiki huko Vienna mwaka 1925. Miaka karibu mia imepita na bado unakamata watu. Mwezi uliopita, hapa hapa, mtoto wa miaka 11 alimfunga mwalimu wake hivyo, akashuka sakafuni akaruka kwa makalio kama Kidiaba, kipa wa Mazembe, mwaka 2010 tulipowapiga Internacional ya Brazili 2 kwa 0. Simlaumu. Hata mimi ningeruka, magoti yangeniruhusu.

Lakini mimi nina kisa changu. Nilikuwa na miaka 19. Niliujua mtego huu na sikujua kitu kingine chochote. Katika mashindano ya mji nilipangiwa mzee mmoja, mtu wa hesabu za ofisini, shati limepigwa pasi, mfukoni kalamu tatu. Hatua sita za kwanza zilikwenda sawasawa na nilivyoota. Malkia wangu akatua e7. Nikakunja mikono, nikangoja a3. Mzee akaangalia ubao, akafungua peremende, akaiweka mdomoni, akacheza e3.

Pioni ndogo, hatua moja. Mfalme sasa anapumua, askofu wa f1 anaiona d3, na farasi wangu akienda huko ataliwa tu. Sikuwa nimepotea hata kidogo! Nilirudisha pioni yangu, tukabadilishana farasi, kila mtu akafanya roki (mfalme anakimbilia pembeni, mnara unamruka), nikamtoa askofu wangu kwa farasi wake wa d2. Hesabu ilikuwa sawa kwa sawa. Ila moyoni nilikuwa nimekwisha kufungwa, maana kazi niliyokuja kuifanya haikuwepo tena. Mzee alikuwa na maaskofu wawili na nafasi kubwa upande wa malkia. Akasukuma b4, kisha c5, polepole, kama mtu anayeteka maji kisimani. Nilidumu hatua hamsini na kidogo. Mwisho alinipa peremende.

Hapo ndipo nilipoielewa tofauti ya mti wa maembe na ubao huu. Nilikuwa nikicheza dami. Nilitoa pioni nikasubiri sheria imlazimishe mwenzangu. Na yeye hakulazimishwa na kitu, alirudisha pioni yangu kwa heshima kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani. Budapest inamwumiza Mweupe anayeng'ang'ania. Anayerudisha anabaki na faida ndogo, nafasi zaidi na maaskofu wake wawili, na lazima Mweusi ajue kuishi katika hali hiyo. Mtu asiyependa kukaa kimya hatua 20 akijenga, namshauri asiuguse ulinzi huu.

Sasa tumtazame aliyeng'ang'ania, maana hakuwa mtu mdogo.

Wahungaria walikuwa wameanza kuichezea gambiti hii huko Budapest tangu mwaka 1896, na miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia István Abonyi, Zsigmond Barász na Gyula Breyer wakaichunguza kwa bidii. Nje ya kwao ilikuwa haijulikani. Mwaka 1918 yakafanyika mashindano Berlin ya watu wanne tu: Akiba Rubinstein, Carl Schlechter, Jacques Mieses na Milan Vidmar. Vidmar alikuwa Mslovenia, na kazi yake ya mkate ilikuwa uhandisi wa umeme.

(Ndipo umeme ulipokatika. Naapa sikupanga. Ukumbi mzima ulicheka dakika nzima, mama mmoja akasema nimwite huyo Vidmar aje Katuba. Tukasogeza ubao karibu na mlango, tukaendelea.)

Vidmar anaambiwa mchezo wa kwanza atacheza na vipande vyeusi dhidi ya Rubinstein, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa dunia wakati ule, bingwa wa michezo mitulivu ya pioni ya malkia. Hajui acheze nini. Anamwomba ushauri rafiki yake Abonyi, naye Abonyi anamwonyesha e5.

Rubinstein anailinda pioni kwa askofu f4, farasi anatoka f3, askofu mweusi anatisha kutoka b4. Hapa Rubinstein haweki farasi d2 kama mzee wangu wa peremende. Anamweka c3. Malkia mweusi anakwenda e7, na Rubinstein anamtoa malkia wake mpaka d5, katikati ya barabara, kuilinda pioni moja. Mnaona? Mtu mwenye hekima yote ile, na anatoka mbio na malkia kwa sababu ya pioni moja ya e5, ya ziada tu.

Vidmar anamla farasi wa c3, pioni za Mweupe zinapandana, moja nyuma ya nyingine. Malkia mweusi anateremka a3 kuitisha ile ya c3. Mnara wa Mweupe unakimbilia c1 kulinda. Halafu inakuja hatua ninayoipenda kuliko zote: f6. Vidmar haidai tena pioni yake. Anasema ila na hii. Mweupe anakula, na farasi mweusi anarudi f6 akimtisha malkia, mstari wa f umefunguka, mnara mweusi utaupata kwa kufanya roki tu. Mweupe ana pioni ya ziada, ndiyo, lakini mfalme wake bado yuko e1 na askofu wake wa f1 hajaamka.

Hatua ya 15 malkia mweusi anatisha kutoka a5, mfalme anapanda e2. Hatua ya 16 Vidmar anatoa mnara wake kwa askofu wa f4! Pioni ya e3 inakula, mstari wa e unafunguka juu ya kichwa cha mfalme. Askofu mweusi anakuja f5, mnara wa pili e8. Tangu hapo mfuateni mfalme kwa kidole: e2, f3, g3, h4, h5. Alitembea ubao kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake usiku. Hatua ya 24 askofu mweusi anarudi g6, na kwa kuondoka kwake f5 anamfungulia njia malkia wa a5, mfalme anatishwa na wawili kwa mara moja. Rubinstein akakubali kushindwa. Vidmar akayashinda mashindano yote. Rubinstein alikutana na e5 hiyohiyo tena mikononi mwa wale wengine wawili: Mieses akamfunga, Schlechter akatoka naye sare. Schlechter, maskini, alifariki Desemba mwaka uleule, na alifia katika mji wa Budapest.

Nimekaa sana kwa Rubinstein. Ile njia ya e4, ambapo Mweupe anairudisha pioni mara moja ili ajenge ukuta wa pioni e4 na f4, nitaipita haraka. Alekhine, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, aliipenda, na alimfunga nayo Rabinovich huko Baden-Baden mwaka 1925. Kwenye ubao inatisha. Lakini pioni zikisonga mbele zinaacha matundu nyuma, na askofu wetu akikaa c5 anaangalia mpaka g1, mahali ambapo mfalme angependa kwenda kufanya roki. Kula pioni yako, mrudishe farasi g6 au c6, usiogope.

Njia inayostahili muda wenu ni ile tulivu: hatua ya nne Mweupe anatoa farasi f3 badala ya askofu. Sasa b4 haina haraka. Askofu wetu anakwenda c5, anaitisha f2, Mweupe anacheza e3 kumfunga njia. Farasi c6, pioni ya e5 tunairudisha bila shida. Na askofu wetu amebaki anaangalia jiwe, ile pioni ya e3. Wengi husema hapa Mweusi hana kitu.

Ana mnara wa a8. Sukuma pioni ya a hatua mbili, a5. Mweupe anadhani unazuia b4 yake, na kweli unazuia. Kisha mnara unapanda a6. Tazameni mstari wa sita: b6 tupu, c6 tupu farasi akishakwenda e5, d6 tupu, e6, f6, g6, h6, yote tupu. Mnara unapita kama treni ya usiku, unashuka g6 au h6 mbele ya mfalme wa Mweupe aliyefanya roki akidhani yuko nyumbani. Malkia anakwenda h4. Farasi yuko e5. Askofu wa c5 akitishwa, anarudi a7, si b6, maana b6 angeziba reli. Na kwa sababu hiyohiyo, usiharakishe kusukuma pioni ya d7. Ikikaa d6 treni inakwama. Haya yote ni subira, hakuna mtego ndani yake. Mweupe anaweza kujilinda, na akijua anajilinda. Lakini atalazimika kufikiri kila hatua kwa saa nzima, na wewe unajua vipande vyako vinakwenda wapi.

Wakubwa wa leo wanauonaje? Hawauchezi kila siku, kwa sababu Mweupe anayejua atabaki na faida yake ndogo, na wao wanaishi kwa faida ndogo. Nigel Short aliujaribu mbele ya Anatoly Karpov, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, huko Linares mwaka 1992, Karpov akashinda mchezo ule kwa utulivu wake wa kawaida. Mechi yenyewe, iliyokuwa ya michezo kadhaa, ilimwendea Short. Shakhriyar Mamedyarov ameucheza mara nyingi zaidi na kufunga nao wachezaji wenye majina. Katika michezo ya dakika tano, kama ile mtakayocheza leo, mimi nauogopa hata nikiwa na vipande vyeupe.

Binti mmoja wa darasa la sita aliniuliza kuhusu farasi kwenda e4 badala ya g4 hatua ya tatu. Swali zuri, binti yangu, umesoma. Njia hiyo ina jina la Sammi Fajarowicz, aliyeicheza Wiesbaden mwaka 1928. Farasi anakaa e4 na hata haigusi ile pioni, anataka tu vurugu. Mweupe akicheza a3 kwa utaratibu, akaziba ile b4, nakuwa sioni tena pioni yangu itarudi kwa njia gani. Mimi ni mtu wa kudai kilicho changu. Wewe ujaribu, uje uniambie.

Basi, twende kwenye mbao. Zote kumi zinaanza na d4, farasi f6, c4, e5, na baada ya mchezo wa kwanza mnageuza ubao ili kila mtu aonje pande zote mbili. Mweupe anayekula askofu wa b4 bila kutazama d3 atanunua maandazi. Na ubao wa nne, mnisikilize: una mnara mmoja uliopotea tangu mwaka jana. Tumeweka kifuniko cha Simba pale a8. Mwenye vipande vyeusi hapo, nitakuja kusimama nyuma yako, na kabla hatujala mchana nataka nikione kifuniko kile kimefika h6.